Kupima Shinikizo la Damu Baada ya Miaka 40
Shinikizo la juu la damu huweza kuharibu figo, moyo na ubongo kwa miaka mingi bila mtu kuhisi maumivu yoyote, kwa hiyo aliyevuka miaka 40 asingoje dalili ndipo apime. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupima. Keti kimya kwa dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu na mkono ukiwa usawa wa moyo. Vipimo vikifika 140/90 (yaani namba ya juu 140 au ya chini 90) katika siku mbili tofauti, nenda kituo cha afya. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya mkate na ya ng'onda, ambayo wengi wetu huisahau.