SOMO: Kutengeneza mdomo mzima bila kurudia kazi (soma kabla hujaniuliza)

Wakuu salaam. Kila wiki napata meseji ileile, "mkuu nina meno sita mabovu na mapengo mawili, nianzie wapi". Naandika mara moja tu. Mimi sio daktari, ni mgonjwa niliyekalia kile kiti miaka minne na ada ya ujinga nimeshalipa.

Hatua ya 1. Jino linalouma au lililovimbisha shavu linatangulia, halisubiri mpango. Uvimbe ukishuka shingoni, au ukishindwa kumeza, nenda hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 2. Piga OPG, ile picha ya mashine inayokuzunguka kichwa. Ondoka na kopi yako.

Hatua ya 3. Daktari akuandikie mpango jino kwa jino, la kuziba, la ruti kanali (kutoa kiini cha ndani na kuziba mizizi), la kung'oa, na bei mbele. Sukari, presha, mimba, dawa za kuzuia damu kuganda, vyote mwambie.

Hatua ya 4. FIZI. Hapa ndo nilichemka. Mdogo wangu alikuwa anaoa, mimi nina pengo la mbele, nikamng'ang'ania daktari anipe daraja (jino la bandia lisilovuliwa, linashikiliwa na meno ya pembeni) haraka nisiharibu picha za harusi. Fizi zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki, nikasingizia mswaki mgumu. Kumbe ugonjwa wa fizi unakula mfupa unaoshika jino na wala hauumi, unakula kimyakimya, na daraja lenyewe limeegemea meno mawili ya pembeni ambayo mfupa ndo unaliwa. Mwaka haujaisha daraja likaanza kucheza, meno yote mawili yakang'olewa pamoja nalo. Pengo moja likawa matatu, na hela haikurudi.

Kwa hiyo ugaga ukwanguliwe kwanza, hadi ule wa chini ya fizi, halafu urudi baada ya miezi miwili mitatu wapime tena. Damu haijaacha, usilipie daraja. Na msije kuniambia "kusafisha kumenilegeza meno". Yalikuwa yameshalegea, ugaga ndo ulikuwa umeyashika kama saruji, ulivyotoka ukaona hali halisi. Ganzi ya maji baridi siku za mwanzo ni kawaida.

Hatua ya 5. Yasiyookoka yang'olewe yote kabla ya kupimwa meno ya bandia. Mfupa unasinyaa baada ya kung'oa, ukipimwa wiki ileile baadaye yanapwaya. Una shughuli ya haraka? Omba ya muda, ila ujue utatengeneza tena.

Hatua ya 6. Kuziba na ruti kanali. Gego la ruti kanali livishwe kofia, la sivyo siku moja unatafuna mfupa wa mbuzi linapasuka katikati.

Hatua ya 7. Mapengo sasa, ya kuvua, daraja au implanti (skrubu inayopandikizwa kwenye mfupa kubeba jino), kwa mfuko wako.

MASWALI

Kishoka255: Bei gani jumla mkuu?
— Hatua ya 3. Mdomo wako siujui.

dogo_wa_Mbezi: mi nilimeza amoksilini na flajili za duka la dawa jino likatulia kabisa, bado kuna haja ya kwenda?
— Ipo. Kiini cha jino kikishakufa damu haifiki mle ndani, sasa dawa itafikaje? Limepumzika tu, litarudi na uvimbe. Na nani alikuandikia hizo?

dogo_wa_Mbezi: nilijiandikia mwenyewe 😂
— Haya.

MamaPacha: Samahani kaka, nimesoma yote. Gego la chini niling'oa miaka mitano nyuma, sasa naona la juu yake kama limeshuka. Au ni macho yangu?
— Sio macho dada, umeona vizuri. Jino likikosa mwenzake wa kugusana naye linashuka polepole kufuata pengo, na ya pembeni yanalalia upande huohuo. Ukienda kuweka la chini unaweza kuambiwa nafasi haitoshi, mpaka la juu lipunguzwe kidogo au livutwe kwa waya. Kamuulize daktari hilo kabla hajachukua vipimo, swali zuri sana.

Mtu_Makini: We sio daktari, acha kupotosha watu.
— Nimeandika hapo juu kabisa. Taja hatua niliyokosea nirekebishe.

Mtu_Makini: sijasema umekosea
— Asante.

Mmeru_halisi: mi nimekulia Arumeru meno ya kahawia, nikikwanguliwa ugaga yatang'aa?
— Hapana ndugu, hiyo rangi sio ugaga.

BibiMshauri: Naongezea hapo. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko, iliingia jino likiwa bado linajitengeneza ndani ya fizi, kukwangua hakuitoi. Ya mbele yanaweza kufunikwa na dawa ya rangi ya jino, ila mfuate mpangilio wa mwenye somo, fizi kwanza. Kama una watoto wadogo huko, wape maji ya mvua ya kunywa na kupikia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki.

Mmeru_halisi: shikamoo bibi, na tenki la mvua nikichanganya na ya kisima kiangazi?
BibiMshauri: Marahaba. Usichanganye. La kunywa liwe peke yake, ya kisima ufulie.