Kutunza sentro laini ya mtoto aliyetoka kupasuliwa moyo

Mimi ni muuguzi wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ya watoto wa moyo. Mtoto akitoka kupasuliwa huja na mirija mingi, ila ninaouogopa kuliko yote ni sentro laini ya shingoni, yaani mrija mwembamba unaopita ndani ya mshipa mkubwa wa damu. Ncha yake iko mlangoni mwa moyo ulioshonwa leo leo. Kijidudu kikipenya hapo, kimeshafika.

Wengi tunajali sana siku ya kuiweka, kisha tunalegea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, katika ICU 29 za watoto, ulionyesha kuwa kilichopunguza maambukizi ya damu hasa ni utunzaji wa kila siku.

Hatua ya 1. Takasa mikono kabla ya kugusa laini, hata kama utavaa glovu. Mama naye mwambie kwa upole: "Mama, takasa mikono kwanza, halafu umshike mwanao."

Hatua ya 2. Sugua kiungio, yaani mdomo wa laini unapochomeka bomba la sindano, kwa spiriti kila unapotaka kuingiza dawa. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Kupangusa mara moja hakutoshi. Bana kiungio ndani ya pamba ya spiriti, zungusha kwa nguvu kama unayekamua ndimu, hesabu mpaka 15, kisha acha kikauke chenyewe. Usikipulizie. Mimi huhesabu kwa sauti, hata usiku wa manane mashine zikilia, kwa sababu haraka ndiyo inayotuponza.

Hatua ya 3. Kagua bandeji kila zamu. Ya plastiki inayoonyesha ngozi hukaa hadi siku 7, ya gozi siku 2. Lakini mtoto mchanga hutoa udenda, na udenda hutiririka shingoni. Ukingo wa upande wa sikio ndio hubanduka kwanza. Ukishabanduka au kulowa, badilisha saa hiyo hiyo. Kwa aliye chini ya miezi 2, klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi kabla ya kubandika bandeji mpya, inaweza kuunguza ngozi. Muulize daktari kwanza.

Hatua ya 4. Mpira wa dripu ya kawaida usiubadilishe kabla ya saa 96 bila sababu. Uliopitisha mafuta ya lishe, kila saa 24.

Hatua ya 5. Kwenye raundi ya asubuhi uliza: "Daktari, bado tunaihitaji?" Kama dawa zote sasa zinapita mdomoni, itoke leo.

Mtoto akitetemeka au homa ikipanda mara baada ya kusukuma dawa kwenye laini, simamisha, mwite daktari, na damu ya kuotesha (ya kupimwa maabara kama ina vijidudu) ichukuliwe kabla antibiotiki haijaingia.