Kuhamisha ritani ya mwaka jana kwenye programu mpya ya kodi ya Marekani

Somo hili ni la wale wanaojijazia ritani zao (taarifa za kodi ya mapato za kila mwaka) za Marekani na ambao msimu huu wanabadilisha programu. Wengine wamesukumwa na bei. Wengine wamekwama kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na TurboTax ya kompyuta ya mwaka wa kodi 2025 ikadai Windows 11.

Hatua ya kwanza ni kulitafuta faili la data, si PDF. Kwenye Windows, TurboTax hulihifadhi ndani ya folda ya Documents, na jina lake huishia na .tax2024; la H&R Block huishia na .T24. PDF ni ya kusomwa kwa macho: baadhi ya programu huweza kuchota humo majina, anwani na tarakimu chache za Fomu 1040 (fomu kuu ya ritani), basi.

Hatua ya pili, linakili faili hilo kwenye flashi na ulihamishe kwa flashi hiyo hiyo. Usilitume kwa barua pepe, kwani limebeba namba za hifadhi ya jamii za familia nzima.

Hatua ya tatu, anza ritani mpya kwa kuingiza faili kabla hujaandika chochote. Kwa kawaida programu ya 2025 hupokea faili la 2024 pekee, kwa hiyo aliyeruka mwaka mmoja hana budi kuandika kwa mkono.

Hatua ya nne ndiyo yenye kazi, nayo ni kuhakiki yaliyopotea njiani. Majina na waajiri huvuka salama. Kumbukumbu za miaka mingi ndizo hubaki nyuma, hasa unapotoka kampuni moja kwenda nyingine. Tuseme mwaka 2023 ulipata hasara ya hisa ya dola 10,000 bila faida yoyote. Sheria inakuruhusu kupunguza mapato yako mengine kwa dola 3,000 kwa mwaka, hivyo 3,000 zilitumika 2023, nyingine 3,000 zikatumika 2024, na 4,000 zinasubiri ritani ya 2025. Lakini mstari wa 7 wa Fomu 1040 ya 2024 unaonyesha zile 3,000 tu, na programu iliyosoma PDF haitajua kwamba kuna kitu kinachosubiri. Fungua programu ya zamani, chapisha karatasi ya hesabu ya hasara inayohamishwa, kisha ujaze mwenyewe.

Nyumba ya kupangisha inahitaji uangalifu zaidi. Jengo lenye thamani ya dola 220,000, bila kiwanja, kwa hesabu ya kodi huchakaa kwa miaka 27.5, yaani hupunguza mapato ya kodi kwa dola 8,000 kwa kila mwaka kamili. Ritani huonyesha uchakavu wa mwaka huo peke yake, na Fomu 4562 (fomu ya uchakavu) haiambatishwi kila mwaka, kwa hiyo jumla ya nyuma imo kwenye jedwali la uchakavu ndani ya programu ya zamani. Jedwali hilo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko faili lenyewe. Ukiuza nyumba, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) itahesabu uchakavu uliostahili kuudai, hata kama hukuudai.

Maswali ya wanachama

Swali: Ritani yangu imekataliwa kwa msimbo IND-031-04, ilhali faili liliingia vizuri. Tatizo ni nini?

Jibu: Mapato ghafi yaliyorekebishwa ya mwaka jana, ambayo ndiyo hutumika kuthibitisha saini yako, hayalingani na yaliyoko IRS. Chukua kiasi cha mstari wa 11 wa Fomu 1040 ya 2024 uliyowasilisha mwanzo, hata kama baadaye uliirekebisha. Ikiwa ritani hiyo bado haijashughulikiwa, andika 0.

Swali: Mwaka jana nilijaziwa na mhasibu, nami nina karatasi tu. Nifanyeje?

Jibu: Faili la programu ya kitaalamu kwa kawaida halifunguki kwenye programu za nyumbani. Mwombe jedwali la uchakavu na hesabu za hasara zinazohamishwa; mengine utayaandika ndani ya saa moja.

Swali: Naweza kuifuta programu ya zamani?

Jibu: Bado. Marekebisho ya ritani ya 2024 kwa Fomu 1040-X ni rahisi zaidi kufanyika katika programu ile ile iliyoitengeneza, na muda wa kudai marejesho kwa kawaida ni miaka 3 tangu ulipowasilisha.