Kutoka LC5 hadi uwaziri Uganda: panga makaratasi kabla ya mabango

Ngazi yenyewe inajulikana: diwani wa wilaya, mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya), mbunge, halafu pengine waziri. Wanaoanguka kwenye ubunge mara nyingi huangushwa na vyeti, tena wakiwa wameshashinda kura. Anza na vyeti mwaka mzima kabla ya kampeni.

Ibara ya 80 ya Katiba ya 1995 inamtaka mgombea ubunge awe raia, mpiga kura aliyeandikishwa, na awe amemaliza S6 (kidato cha sita) au elimu inayolingana nayo. Tandaza mezani cheti cha S4 (kidato cha nne), cha S6, kitambulisho cha taifa na nakala ya jina lako katika daftari la wapiga kura, usome herufi kwa herufi. Huku "Musa", kule "Moses", kwingine limeongezeka jina la tatu: mpinzani ameshapata kesi. Rekebisha jina kisheria na litangazwe mapema kwenye gazeti rasmi la serikali. Hati ya kiapo iliyopigwa chapa asubuhi ya uteuzi wa wagombea ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Mwenye diploma bila S6 apeleke vyeti Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, apewe uthibitisho wa ulinganifu.

Mwalimu wa serikali, muuguzi au afisa wa wilaya ajiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi wa wagombea. Uchaguzi mdogo, siku 14. Wengi huhesabu kutoka siku ya kura, wakaumia. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki na nakala, kisha ufuatilie jina litoke kwenye orodha ya mishahara. Mshahara ukiingia mwezi unaofuata, barua yako itatiliwa shaka.

Ada ya kugombea ubunge ni shilingi 3,000,000, hairudi. Sheria inataka wapiga kura 10 wa jimbo lako watie sahihi. Tafuta 20, maana hakosekani aliyeandikishwa jimbo jirani.

Uwaziri hauna fomu. Rais huteua, Kamati ya Uteuzi ya Bunge chini ya Spika huchuja. Asiye mbunge anaweza kuteuliwa, ila bungeni atakaa bila kura. Kukaa muda mrefu kwenye kiti cha nyumbani husaidia: Rebecca Kadaga alianza kuwakilisha wilaya ya Kamuli 1989, akawa Spika 2011 hadi 2021, kisha 2021 akateuliwa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza na Waziri wa Masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ukiteuliwa, una miezi mitatu kutangaza mali na madeni yako kwa IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali), kisha kila Machi baada ya miaka miwili. Usiandike kwa kukadiria. Fomu hiyo hufukuliwa wabunge wakikuchoka. Theluthi moja wakitia sahihi, hoja ya kutokuwa na imani nawe inaanza. Zaidi ya nusu ya wabunge wote wakiunga mkono, imepita. Iliwapata mawaziri Jim Muhwezi 1998 na Sam Kutesa 1999. Wote wawili walirudi kwenye baraza la mawaziri baadaye.