Kidoa cheupe kwenye unywele si lazima kiwe yai la chawa

Mwalimu akimrudisha mtoto nyumbani eti ana chawa, wengi hukimbilia dawa, na wengine, kwa hatari kubwa, mafuta ya taa, ambayo huunguza ngozi na hushika moto upesi. Ngoja kwanza. Mketishe mtoto mlangoni penye mwanga, umgawe nywele, ushike unywele mmoja wenye kidoa.

Kibane kwa kucha mbili, ukivute polepole kuelekea nchani. Yai la chawa halitelezi: limegandia upande mmoja wa unywele, lina umbo la tone, na halifiki milimita 1. Kikiteleza kama ushanga kwenye uzi, hicho ni kimrija cha seli zilizokufa kinachouzunguka unywele wote, kirefu cha milimita 2 hadi 7. Hupatikana sana kwa watoto wanaosukwa mistari ya kukazwa hadi paji la uso linavutika. Mba hauna haja ya kubanwa, ukiugusa unapukutika.

Kidoa kisichosogea, na unywele unakatika papo hapo ukiupinda, ni fundo la nywele iliyochoka. Ganda la nje limepasuka na nyuzi za ndani zimechanua kama brashi mbili zilizosukumana. Joto, dawa ya kulainisha nywele na kuchana kwa nguvu ndivyo vinavyolileta.

Kwa vimrija, fumua mistari, lowesha nywele, paka kondishona kwa wingi, kisha vitelezeshe kwa vidole fungu moja moja hadi nchani. Usitumie kitana cha chawa kwenye nywele za kipilipili, kitazikata na kukuzalishia yale mafundo. Vimrija vitarudi usipomwambia msusi, awe wa Kenyatta Market jijini Nairobi au jirani, alegeze mkono: mtoto akilia, imekazwa mno. Ngozi ikiwa na magamba mazito au mabaka yaliyonyonyoka, mpeleke kliniki.

Mafundo hayana dawa ya kupaka. Punguza ncha, acha pasi na kemikali, chana kwa chanuo pana kuanzia nchani. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ni kazi ya miezi.

Dawa ya chawa ni ya aliyeonekana na chawa hai anayetembea. Hujamwona? Bandika unywele wenye kimrija kwenye karatasi nyeusi kwa selotepu, umpelekee mwalimu ajionee, na mtoto arudi darasani.