Jinsi ya kupima msongo wa mawazo kwa mgonjwa wa kansa ya mfupa

Nesi mgeni kliniki ya mifupa kaniuliza hii kitu inafanywaje, nikamwelekeza, sasa naiandika maana naona wengi wanakwama palepale, hatua ya 4.

Hatua ya 1: fomu
Anza na kipimajoto cha msongo cha NCCN, mtandao wa vituo vya kansa vya Marekani. Mgonjwa anazungushia namba kati ya 0 na 10 kuonyesha alivyolemewa wiki hii hadi leo, alafu anaweka tiki kwenye orodha ya matatizo. Akifika 4 au zaidi unaendelea. Mimi sikubaliani kabisa na kumpa mtu aliyetoka kwenye dripu ya kemo dodoso refu moja kwa moja, atajaza ilimradi amalize.

Hatua ya 2: faragha
Waombe ndugu watoke kidogo. Osteosakoma, yaani kansa inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, inapenda vijana, mara nyingi uvimbe uko jirani na goti, na mzazi hambanduki. Kijana hatasema mbele ya mama yake kwamba usiku analia.

Hatua ya 3: maumivu
Yakiwa makali, yatulizwe kwanza, ndo upime.

Hatua ya 4: kusoma majibu
Aliyefika 4 nampa PHQ-9, dodoso la kupima sonona. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, jumla inaishia 27, na wengi tunatumia 10 kama mstari wa kumwangalia mtu kwa karibu. Sasa shida ni kwamba maswali kadhaa yanauliza mambo ya mwili, na mwili wa huyu mgonjwa una sababu zake. Chukua mtu anayetembelea magongo baada ya kuwekewa kiungo bandia cha goti. Swali la 8 linauliza kama anatembea au kuongea taratibu mpaka watu wameona, atajibu karibu kila siku, hiyo ni 3. Uchovu wa kemo 3, chakula hakipiti 3, usingizi hakuna kwa sababu ya deksamethasoni aliyopewa kuzuia kutapika, 3 nyingine. Tayari ana 12, na inawezekana hana sonona hata kidogo!

Usizifute hizo alama wala usizipunguze kwa kichwa chako, jumla iandike kwenye faili ilivyo, alafu pembeni andika swali la 1, 2 na 6 peke yake, yaani kukosa hamu na mambo, huzuni, na kujiona hana thamani au kaiangusha familia. La 1 na la 2 zikifika 3 kwa pamoja hilo ni la kufuatilia hata kama jumla iko chini ya 10. HADS, dodoso jingine la wasiwasi na sonona, mimi naipenda zaidi kwa wagonjwa hawa, maswali 14, 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona, kila upande ukifika 8 unaangalia, na imekwepa mengi ya mwili, ila ina leseni, na nayo ina swali la kujihisi umepungua kasi ambalo kwa mtu wa magongo lina mtego uleule.

Na kama kansa imesambaa kwenye mifupa na mgonjwa kabadilika ghafla, mzito, anachanganya maneno, kiu nyingi, choo kigumu, daktari apime kalsiamu ya damu kabla hamjaiita sonona. Akiwa kwenye ifosfamidi, moja ya dawa za kemo, na kachanganyikiwa, toa taarifa papo hapo, dawa yenyewe inaweza kugusa ubongo.

Hatua ya 5: swali la 9
Hili ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya 0, hata jumla ikiwa ndogo, muulize waziwazi kama ana mpango na ana njia. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali asiachwe peke yake, na mtaalamu wa afya ya akili aitwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: kumpeleka
Orodha ya matatizo ndo inakuonyesha njia. Nauli na kazi vinakwenda ustawi wa jamii, maumivu kwenye mguu uliokwisha katwa yanakwenda kwa daktari, hofu na huzuni kwa mwanasaikolojia. Mjue atakayempokea kabla hujampa mtu fomu.

Hatua ya 7: kurudia
Akipewa majibu ya ugonjwa, kabla na baada ya upasuaji, kila anapokuja kwa skani ya ufuatiliaji, na siku za mwanzo za mguu wa bandia. Hii ya mwisho inasahaulika sana kwa sababu wodi nzima inafurahi, kumbe yeye ndo kwanza anaona mguu ule hautaenda kama wa zamani, basi mpe fomu hata kama anatabasamu.