Namna ya Kuomba Nafasi ya Kufundisha Baada ya Uzamivu katika Insia

Ukikaribia kuhitimu uzamivu katika insia, yaani fani kama fasihi, historia au falsafa, na ukaiwania nafasi kama zile za Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako wanazuoni wachanga hufundisha pia masomo ya msingi ya pamoja kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, yaliyoanza mwaka 1919, jiulize kwanza ni nani watakaoketi mbele yako. Wengi hawatakuwa wa fani yako. Kwa hiyo barua ya maombi isirudie tasnifu, bali ieleze kipindi kimoja: beti tatu za utenzi ubaoni, swali utakaloanza nalo, na kimya utakachokivumilia kabla ya kulifafanua. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hulegea. Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, waarifu mapema, na angalau mmoja awe amekuona ukifundisha.